Kabla mzee hajameza dawa ya dukani: hatua za kufuata nyumbani na kaunta

Dawa za kliniki huandikwa kwenye kadi. Daktari anaziona, nesi anaziona, na mwezi ujao mtu ataziulizia. Lakini kati ya kliniki moja na nyingine mzee hununua nyingine kwa mkono wake: ya magoti, ya mafua, ya kiungulia, ya kumpa usingizi. Hizi haziandikwi popote. Akiulizwa hospitalini anatumia dawa gani, hazitaji, kwa sababu yeye mwenyewe hazihesabu kuwa dawa. Ni "vile vya maumivu tu".

Madhara mengi huingilia hapo. Kidonge cha maumivu ambacho kijana wa miaka 25 anakimeza bila shida, kwa bibi anayetumia dawa za presha kinaweza kuumiza figo au kutoboa tumbo. Figo za mtu wa miaka 75 huchuja polepole kuliko alipokuwa na 40, hata kama hajawahi kuugua figo. Maji ya mwili yamepungua, ini limenywea, utando unaolinda tumbo umekuwa dhaifu. Dawa ileile, kipimo kilekile, hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kufanya kazi kwa nguvu zaidi.

Mwongozo huu ni wa mzee mwenyewe, na pia wa mtoto au mjukuu anayetumwa dukani. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Kwa upande wa dawa, anza kuchukua tahadhari hizi hapo, au mapema zaidi kama mtu ana presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo.

Hatua ya 1: Toa kila kitu, weka mkekani

Omba ruhusa kwanza. Dawa za mzee ni mambo yake ya siri, na ukiingia kwa ukali ataficha. "Shikamoo bibi, naomba tuziangalie dawa zako pamoja, nataka kuzijua" inatosha.

Kisha kusanya zote: za chini ya mto, za kwenye mkoba, za kwenye kopo la kabatini, alizopewa na jirani, zilizobaki za marehemu babu. Weka na dawa za kuchua, matone ya macho, unga wa mitishamba, vidonge vya vitamini. Tenga mafungu matatu. La kwanza ni zile zenye jina na tarehe inayosomeka. La pili ni zilizopitwa na muda. La tatu ni vidonge vilivyomo kwenye bahasha ndogo bila jina, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kidonge cheupe cha mviringo kinaweza kuwa parasetamoli, kinaweza kuwa cha kushusha sukari. Kama hakuna anayejua ni nini, kisimezwe. Mafungu hayo mawili ya mwisho yapeleke kituo cha afya au famasia uulize namna ya kuyateketeza. Usiyatupe jalalani ambako watoto huokota.

Hatua ya 2: Andika karatasi moja

Karatasi moja tu, ya kukunjwa na kukaa ndani ya kadi ya kliniki. Juu kabisa andika magonjwa ya mzee na dawa au chakula kilichowahi kumdhuru. Chini yake andika kila dawa: jina, nguvu yake kwa miligramu, anaitumia kwa ajili ya nini, saa ngapi, na nani aliyempa.

Andika jina la dawa yenyewe, si jina la biashara pekee. Jina la biashara huandikwa kwa herufi kubwa. La dawa huwa chini yake kwa herufi ndogo. Katika mwongozo huu nimeandika majina kama tunavyoyatamka. Kwenye pakiti utayakuta hivi: Paracetamol, Diclofenac, Ibuprofen, Aspirin, Chlorpheniramine, Promethazine. Ukizoea kuyatafuta utagundua jambo linalowashangaza wengi: vidonge vitatu vya rangi na majina tofauti vinaweza kuwa dawa ileile. Panadol ni parasetamoli. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Vipo vidonge vya maumivu vinavyouzwa sana ambavyo ni diklofenaki na parasetamoli pamoja. Mzee mwenye mafua na magoti akivimeza vyote siku moja, amemeza parasetamoli mara tatu bila kujua.

Jambo jingine ni maandishi ya kwenye bahasha. "1 x 3" maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. "2 x 2" ni viwili, mara mbili. Kwa mtoa dawa ni kawaida, ila kwa mzee asiyeona vizuri ni tarakimu zisizo na maelezo. Ziandike upya kwa saa: "saa 1 asubuhi, saa 8 mchana, saa 3 usiku". Kama hasomi, chora jua, sahani ya chakula na mwezi.

Hatua ya 3: Chagua duka moja, na useme mambo matano

Mzee anayenunua hapa leo, kesho stendi, keshokutwa kwa Mpemba wa kona, hana mtu mmoja anayeijua hali yake. Chagua famasia, au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali na mtoa dawa aliyesomea kazi hiyo. Maduka haya ya DLDM yalianzishwa mwaka 2003 mkoani Ruvuma ili watu wa vijijini wapate dawa za msingi kwa mtu aliyefunzwa, na mtoa dawa mzuri ni hazina ya mtaa. Kenya, ambako wengi husema kemisti, shauri ni hilohilo. Dawa za genge, za kwenye basi na za mnadani usinunue kabisa. Hujui zilikaa kwenye jua kiasi gani.

Ukifika kaunta usiseme "naomba dawa ya maumivu" ukanyamaza. Sema:

- Ni ya mzee wa miaka mingapi.
- Ana magonjwa gani: presha, kisukari, moyo, figo, vidonda vya tumbo, pumu, presha ya macho, tezi dume.
- Anatumia dawa gani. Toa ile karatasi.
- Anaumwa nini, na tangu lini.
- Ameshatumia nini kwa tatizo hilo.

Ukitumwa na mzee akakuambia "mwanangu, niletee ile ya njano", usilete ya njano. Chukua pakiti tupu uende nayo. Rangi hubadilika kiwanda kikibadilika.

Hatua ya 4: Maumivu, palipo na hatari kubwa zaidi

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu magoti, kiuno na mgongo ndivyo vinavyowapeleka wazee wengi dukani.

Dawa za maumivu za dukani ziko makundi mawili. Kundi la kwanza ni parasetamoli peke yake. Kundi la pili ni diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, piroksikamu, indometasini, meloksikamu na ndugu zao. Hili la pili hupunguza maumivu na uvimbe vizuri, ndiyo maana wazee wanalipenda. Lakini kemikali ileile ya mwili ambayo dawa hizi huizuia ili kuondoa maumivu ndiyo pia inayolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ukiizuia kwenye goti, umeizuia na tumboni.

Kwa hiyo mambo manne hutokea. Vidonda vya tumbo, ambavyo kwa mzee vinaweza kuvuja damu bila maumivu yoyote kabla. Presha kupanda, hata kwa anayemeza dawa zake za presha kila siku. Nimeona watu wakiongezewa dawa ya presha wakati kilichotakiwa ni kuacha diklofenaki. Mwili kubaki na chumvi na maji, miguu ikavimba na moyo dhaifu ukalemewa. Na figo kudhoofika.

Hatari kubwa ya figo hutokea dawa tatu zinapokutana. Ya kwanza ni ya presha ya kundi la enalaprili, lisinoprili, kaptoprili au losatani. Ya pili ni ya kukojoza, kama furosemidi (wengi huijua kwa jina la Lasix) au haidroklorothiazaidi. Wazee wengi wenye presha wanatumia hizo mbili pamoja kwa maelekezo ya daktari, na ni sawa. Ya tatu ni diklofenaki aliyoinunua mwenyewe. Zikikutana, hasa akiwa anaharisha au hanywi maji ya kutosha, figo zinaweza kushindwa ndani ya siku chache. Angalia karatasi yako sasa hivi. Kama mbili za kwanza zipo, ya tatu isiingie nyumbani bila daktari kujua.

Aliyewahi kupata kiharusi au mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo asiguse diklofenaki. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maelekezo ya wazi kwamba watu hao wasipewe. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mfano mwenye valvu bandia ya moyo, asimeze dawa yoyote ya kundi hili bila daktari wake. Damu inaweza kuvuja isisimame. Hata dawa ya kuchua yenye harufu kali ya methili salisileti, akijipaka nyingi kila siku, inaweza kuongeza nguvu ya warfarini.

Kuna mambo matatu yanayoaminika sana mitaani ambayo si kweli. "Nikila kwanza haitaniumiza": chakula hupunguza kiungulia, hakizuii kidonda. "Bora sindano, haipiti tumboni": diklofenaki ya sindano huingia kwenye damu na kuondoa kinga ya tumbo vilevile. "Ni ya mitishamba, haina kemikali": unga wa yabisi unaoondoa maumivu makali siku hiyohiyo uutilie shaka, maana katika nchi nyingi bidhaa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa na diklofenaki au deksametasoni ndani yake bila kuandikwa. Deksametasoni na prednisoloni hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Si za kujinunulia.

Sasa, mzee afanye nini na magoti yake?

Aanze na dawa ya kupaka. Jeli ya diklofenaki kwenye goti au kiganja huingia kwenye damu kidogo sana ukilinganisha na kidonge, na kwa kiungo kilicho karibu na ngozi hufanya kazi vizuri. Asipake kwenye kidonda, asifunge na plastiki juu yake, asichanganye na vidonge vya kundi hilohilo. Mwenye ugonjwa wa figo, moyo au vidonda vya tumbo aulize kwanza hata kwa jeli.

Kisha parasetamoli. Kidonge cha kawaida ni miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidi vidonge 8 kwa saa 24, vilivyoachana angalau saa 4 hadi 6. Kwa mzee anayetumia siku kadhaa mfululizo, mimi nashauri abaki kwenye 6. Kama amekonda hadi chini ya kilo 50, ana tatizo la ini, hali vizuri, au anakunywa pombe mara kwa mara, asizidi 4 mpaka aongee na mtaalamu. Parasetamoli inayoyeyuka kwenye maji ina sodiamu karibu miligramu 400 kwa kila kidonge, hivyo si chaguo zuri kwa mwenye presha au moyo dhaifu.

Zaidi ya hapo, mkongojo ushikwe mkono wa upande wa pili na goti bovu. Wengi hushika upande uleule wa goti. Kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu taratibu mara kumi, asubuhi na jioni, huimarisha misuli ya paja inayobeba goti.

Kama mzee ameandikiwa aspirini ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi, asiiache kwa sababu ya haya niliyoandika. Hiyo ina kazi yake. Asiongeze tu ibuprofeni juu yake, kwa sababu inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi ya kulinda moyo.

Hatua ya 5: Mafua, kikohozi na usingizi

Piriton, yaani klorofeniramini, ni vidonge vidogo vya bei ndogo, na kila nyumba inavyo. Wazee huvinunua kwa mafua na kuwashwa, na wengi kwa ajili ya kulala. Madaktari wa Marekani wana orodha ya dawa za kuepusha kwa wazee, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Dkt. Mark Beers na kupitiwa upya mwaka 2023. Klorofeniramini, prometazini na difenihidramini zote zimo. Hukausha kinywa, hufunga choo, huziba mkojo kwa mwenye tezi dume, hupandisha presha ya macho kwa aina fulani ya ugonjwa huo, na huvuruga akili. Bibi aliyeanza ghafla kuongea mambo yasiyoeleweka usiku, kabla hamjasema ni uzee au amerogwa, angalieni alimeza nini jioni. Akiamka gizani kwenda chooni na dawa hiyo kichwani, ataanguka, na nyonga iliyovunjika humlaza mzee miezi.

Kwa mzio au kuwashwa, setirizini na loratadini hazilevyi sana kama hizo. Mwenye figo dhaifu apunguziwe kipimo cha setirizini. Kwa pua iliyoziba, matone ya maji ya chumvi yanatosha. Dawa za mafua zenye sudoefedrini au fenilefrini hupandisha presha na kuziba mkojo. Usizimpe mwenye presha.

Usingizi ni mazungumzo mengine. Mzee anayelala mchana saa mbili na kunywa chai ya rangi saa 2 usiku hatalala saa 4. Anayemeza furosemidi jioni ataamka kukojoa usiku kucha. Uliza kliniki kama anaweza kuimeza asubuhi.

Kwa kikohozi kuna maswali mawili kabla ya kununua sirapu. Kimedumu wiki mbili au zaidi? Basi apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, huduma ambayo hailipiwi. Ni kikavu, kinachokereketa koo, na kilianza baada ya kupewa kaptoprili, enalaprili au lisinoprili? Basi kikohozi hicho huenda kimeletwa na dawa ya presha yenyewe. Hakuna sirapu itakayokimaliza, daktari atambadilishia. Asiiache mwenyewe. Na sirapu nyingi zina sukari, jambo ambalo mwenye kisukari hupaswa kuambiwa kaunta na mara nyingi haambiwi.

Hili la dawa kuleta dalili ambayo nayo hununuliwa dawa lifanye kuwa swali la kila siku. Miguu ya mzee imevimba? Amlodipini, dawa ya presha, hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, na kumnunulia dawa ya kukojoza hakutaondoa chanzo. Kila dalili mpya, angalia kwanza ni dawa gani iliyoongezwa majuma machache yaliyopita.

Hatua ya 6: Tumbo

Kwa kiungulia cha siku moja moja, dawa za kutafuna za magnesiamu zinasaidia. Mwenye figo mbovu asizizoee, maana magnesiamu hurundikana mwilini. Eno ina sodiamu nyingi. Si ya mwenye presha. Na dawa hizi hushikana na nyingine tumboni zikazizuia zisiingie mwilini: antibayotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini, na vidonge vya madini ya chuma. Mzee anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri ameze hizo saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake. Wazee wengi hawasemi kaunta kwamba wako kwenye dawa hizo, na sitawalaumu. Ila saa hizo wazishike.

Omeprazoli, ya kupunguza asidi ya tumbo, isipitilize siku 14 bila kuonwa na daktari. Kiungulia kinachorudi kila mara baada ya miaka 55, au kinachokuja na kupungua uzito, chakula kukwama au kutapika, kinahitaji kipimo.

Choo kigumu: maji, mboga, papai, kutembea. Angalia pia kama Piriton au vidonge vya chuma ndivyo vilivyokifunga.

Mzee akiharisha au kutapika, mpe ORS, na siku hiyohiyo pigeni simu kliniki kama anatumia dawa za presha nilizozitaja, za kukojoza, au metformini ya kisukari. Huenda akaambiwa asimamishe baadhi kwa siku chache mpaka anywe na kula vizuri.

Hatua ya 7: Yasiyosemwa kaunta

Mitishamba iandikwe kwenye karatasi kama dawa nyingine. Mwarobaini na mlonge vinaweza kushusha sukari, na pamoja na dawa ya kisukari ya glibenklamidi vinaweza kuishusha kupita kiasi. Vitunguu saumu vya kuungia mchuzi havina neno, lakini vidonge vyake au vikombe vya juisi yake kila siku kwa anayetumia warfarini, hapana.

Vidonge vya nguvu za kiume hununuliwa na wazee kwa siri, na siri hiyo inaweza kuua. Sildenafili, iliyomo kwenye vidonge hivyo, ikikutana na dawa ya moyo ya maumivu ya kifua ya kundi la naitreti, kama aisosobaidi au gliserili trinaitreti ya chini ya ulimi, presha hushuka ghafla mno. Hata ile ya "mizizi" inaweza kuwa imechanganywa na sildenafili. Mzee, kama hutaki kumwambia mwanao, mwambie mfamasia, na uombe kuzungumza pembeni.

Nendeni hospitali, si dukani

Choo cheusi kinachong'aa kama lami (vidonge vya chuma pia hukifanya kiwe cheusi, lakini si cha kunata wala chenye harufu kali), kutapika damu, mkojo kupungua au kuziba, kuchanganyikiwa kwa ghafla, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, uso kupinda, kuanguka na kugonga kichwa. Homa nayo isizimwe na parasetamoli tu: apimwe malaria kwanza. Na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa, akawa amelegea tu na kukataa chakula. Mkienda, bebeni dawa zote kwenye mfuko.

Siku ya kliniki

Pitieni dirisha la wazee kama lipo, mpe daktari ile karatasi kabla hajaanza kuandika, na muulize maswali matatu: ipi kati ya hizi inaweza kuachwa, anunue dawa gani akiumwa magoti, na ipi asinunue kamwe. Majibu yaandikwe palepale. Kama mzee hajapimwa figo mwaka huu, ombeni kipimo cha kreatinini siku hiyohiyo, na jibu lake liandikwe chini ya orodha ya dawa pamoja na tarehe.